Kumite: namna ya kufanya mazoezi ya mashambulizi ya mfululizo

Ngumi moja katika karate mara nyingi haifiki. Mpinzani ameiona inakuja, ameikinga kwa mkono, au amerudi nyuma hatua moja tu na ngumi imepiga hewa. Ndiyo maana wanakarate hufundishwa kushambulia kwa mfululizo: pigo la kwanza linamfanya mpinzani asogeze mikono au miguu yake, na pigo la pili linaingia pale alipopaacha wazi.

Mambo haya ni magumu kuyaeleza redioni, kwa sababu msikilizaji haoni mguu unawekwa wapi. Tumeyaandika hapa ili kijana wa Masasi au Newala ayafungue kwenye simu akiwa uwanjani, asome hatua moja, aijaribu, kisha arudi kusoma inayofuata. Tunaeleza mifululizo mitatu, namna ya kuifanyia mazoezi bila vifaa vya gharama, na jambo ambalo wengi hulisahau: namna ya kumlinda mwenzako unayefanya naye mazoezi.

Kumite ni nini?

Mafunzo ya karate yana sehemu tatu. Kihon ni mazoezi ya msingi ya ngumi, mateke na kukinga. Kata ni mpangilio wa mapigo unaofanywa peke yako, kana kwamba unapambana na watu wasioonekana. Kumite ni kukutana na mtu mwingine ana kwa ana. Majina hayo ni ya Kijapani kwa sababu karate ilikulia kisiwa cha Okinawa, ikaanza kujulikana Tokyo katika miaka ya 1920, kisha ikasambaa duniani.

Hapa Tanzania, wanakarate wa mtindo wa Goju-ryu humtaja Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, kuwa mwalimu aliyeuanzisha mtindo huo Dar es Salaam mapema katika miaka ya 1970. Dojo lake la Zanaki lilijulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Mtindo mwingine wenye wafuasi wengi nchini ni Shotokan. Mifululizo tunayoieleza hapa inatumika katika mitindo yote miwili, ingawa kila sensei ana namna yake ya kuifundisha.

Pointi zinapatikanaje?

Kabla ya kuchagua mfululizo ni vizuri kujua mwamuzi anatafuta nini. Katika kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, WKF, pointi huhesabiwa hivi:

- Ngumi ya uso au ya mwili: pointi 1.
- Teke la mwilini: pointi 2.
- Teke la kichwani, au pigo sahihi kwa mpinzani aliyeanguka chini: pointi 3.

Anayetangulia kwa tofauti ya pointi 8 anashinda hapo hapo. Isipokuwa hivyo, hesabu hufanywa muda unapokwisha. Pambano la watu wazima ni dakika 3. Wakimaliza sawa, aliyepata pointi ya kwanza bila mpinzani kupata hupewa ushindi, na faida hiyo huitwa senshu. Katika mashindano mengine ya Shotokan utaratibu ni tofauti: pigo moja kamili, yaani ippon, linamaliza pambano.

Pigo halihesabiwi kwa sababu tu limegusa. Mwamuzi anatazama kama lilikuwa na umbo sahihi, nguvu, umbali na wakati unaofaa, na kama mpigaji alibaki macho baada ya kupiga. Kubaki macho huko kunaitwa zanshin. Anayepiga kisha akageuka kushangilia anaweza kuipoteza pointi yake.

Miguu kwanza

Wanaoanza wengi hudhani mfululizo ni kazi ya mikono, lakini miguu ndiyo inayomfikisha mtu. Kama miguu iko mbali, mikono mia haitasaidia.

Simama mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo sana. Mkono wa mbele uko usawa wa bega, wa nyuma uko karibu na chembe ya moyo. Sasa muombe mwenzako asimame mbele yako. Nyosha mkono wa mbele: ukimgusa bila kusogea, mko karibu mno. Umbali wa kuanzia ni ule ambao ni lazima upige hatua moja ndipo umfikie. Umbali huo huitwa maai.

Zoezi la kwanza halina ngumi hata moja. Mwenzako anakwenda mbele na nyuma anavyotaka, nawe unalinda umbali ule ule. Akija unarudi, akirudi unakwenda. Fanyeni dakika mbili, kisha mbadilishane. Msivuke miguu wala msiiweke pamoja. Ukiliweza zoezi hili utakuwa umepata nusu ya kumite.

Mfululizo wa kwanza: ngumi mbili

Huu ndio wa kuanzia, na mabingwa bado wanautumia.

1. Sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, mguu wa mbele uteleze kuelekea kwa mpinzani.
2. Piga ngumi ya mkono wa mbele kuelekea usoni. Kwa Kijapani ni kizami-zuki.
3. Mkono huo unaporudi, zungusha nyonga na upige ngumi ya mkono wa nyuma kuelekea tumboni. Hii ni gyaku-zuki.
4. Ondoka: rudi nyuma haraka au toka pembeni, mikono ikiwa juu, macho kwake.

Unafaa kwa sababu mtu anayeona ngumi inakuja usoni huinua mikono. Akiiinua, tumbo linabaki wazi. Lakini ataiinua endapo tu ngumi ya kwanza ni ya kweli. Kosa kubwa ni kurusha ngumi ya kwanza kivivu, kwa kuwa akili iko kwenye ile ya pili. Mpinzani mzoefu ataipuuza na kukupiga ukiwa unaingia. Piga ya kwanza kana kwamba ndiyo unayoitegemea.

Hatua ya nne ni sehemu ya mfululizo. Wengi hupiga vizuri kisha wakasimama pale pale, mbele ya mtu ambaye naye ana mikono miwili.

Mfululizo wa pili: ngumi ya uso na teke la mbavu

1. Ingia na ngumi ya mkono wa mbele kuelekea usoni, kama mwanzo.
2. Mpinzani anapoinua viwiko kujikinga, piga mawashi-geri, teke la kuzunguka, kuelekea mwilini.
3. Rudisha mguu kwa kukunja goti kwanza, ndipo uuweke chini.
4. Ondoka, au malizia na ngumi ya mkono wa nyuma kama bado mko karibu.

Mguu gani upige? Tazama amesimamaje. Kama wewe umetanguliza kushoto naye ametanguliza kulia, tumbo lake liko wazi upande wa mguu wako wa nyuma, basi piga kwa mguu huo. Kama nyote mmetanguliza kushoto, mguu wako wa nyuma utakutana na mkono na bega lake la mbele. Hapo tumia mguu wa mbele: vuta mguu wa nyuma mpaka karibu na wa mbele, kisha inua wa mbele na upige.

Mguu uliobaki chini ugeuke. Kisigino kikielekea kwa mpinzani, nyonga inafunguka na goti linakuwa salama. Kama uwanja ni wa mchanga mzito, unyayo utakwama na goti ndilo litakalojipinda. Fanyia zoezi hili mahali penye udongo ulioshindiliwa na kufagiliwa.

Mfululizo wa tatu: mtama na ngumi

Tuliokulia michezo ya uwanjani tunajua kumpiga mtu mtama. Katika karate huitwa ashi-barai, na kanuni zake ni kali zaidi kuliko zile za utotoni.

1. Subiri mpinzani anapopiga hatua kuja mbele.
2. Kabla uzito wake haujatulia kwenye mguu wa mbele, ufagie mguu huo kwa unyayo wako, karibu na kifundo. Unafagia, hupigi kwa ugoko.
3. Akiyumba, ngumi ya mkono wa nyuma ifuate papo hapo. Akianguka na ngumi yako ikafuata mara moja kwa udhibiti, hiyo ni pointi 3.

Siri yote iko kwenye wakati. Mguu ambao tayari umebeba uzito haufagiliki. Utaumia wewe na yeye ataumia kifundo. Kwa hiyo mfululizo huu tunauweka wa mwisho: usiufanye bila mwalimu, usiufanye kwenye ardhi ngumu, na watoto wauache kwanza. Kabla ya kuujaribu, wote wawili mjue kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige chini, kichwa kisiguse ardhi.

Mdundo na chenga

Mtu akisikiliza ngoma kwa muda, mwili wake unaanza kujua pigo linalofuata litaangukia wapi. Mpinzani naye anafanya hivyo hivyo. Ukipiga kila mara pa-pa, pa-pa, mara ya tatu atakuwa anakusubiri. Badilisha: pa, kimya kidogo, kisha pa-pa. Wapiga ngoma wa sindimba wanajua jambo hili: mcheza ngoma anashtuka pale mdundo unapovunjwa.

Chenga ni ndugu wa mdundo. Kama mchezaji wa mpira anavyoinamisha bega kushoto kisha akapita kulia, wewe sogeza bega la mbele kana kwamba unapiga, halafu usipige. Tazama anafanya nini. Anayeinua mikono umempata kwa mfululizo wa kwanza na wa pili. Anayerudi nyuma mfuate kwa hatua mbili, ya kwanza ndefu. Anayekujia mbele msubiri kwa ngumi ya mkono wa nyuma. Chenga moja inakuonyesha ni mfululizo upi unaomfaa mtu huyu.

Ngazi nne za mazoezi

Usiruke kutoka kusoma hapa hadi kupambana. Panda ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza, peke yako. Fanya mfululizo polepole mara 10 kila upande, ukiangalia nyonga na miguu. Kisha mara 10 kwa kasi. Zikianza kuharibika, punguza kasi. Mara 20 safi ni bora kuliko 100 za ovyo, kwa sababu mwili unakariri hata makosa.

Ngazi ya pili, na shabaha. Mwenzako anashika kandambili mkononi, pembeni ya mwili wake na si mbele ya uso wake. Anaionyesha, unaipiga, anaiondoa. Anabadilisha urefu: juu, chini. Hii inafundisha macho na umbali.

Ngazi ya tatu, na mwenzako mliyekubaliana. Mnajua nani anashambulia na kwa mfululizo upi. Mwingine anakinga na kurudi nyuma. Baadaye mruhusu akinge namna yoyote, kisha mruhusu arudishe pigo moja. Hapa ndipo mfululizo unapokomaa.

Ngazi ya nne, kumite huru, kwa nusu ya kasi. Dakika moja na nusu, mapumziko, kisha tena. Jipe kazi moja tu: leo natafuta nafasi ya mfululizo wa kwanza. Kushinda siyo lengo la siku hiyo. Anayetafuta kushinda kila mazoezi hatajaribu kitu kipya.

Vifaa vya hapa hapa

Gunia la kupigia linaweza kushonwa kwa magunia mawili yaliyovaliana, likajazwa vitambaa vikuukuu vilivyoshindiliwa. Mchanga mtupu usitumie: unashuka chini, unakuwa kama jiwe, na unavunja kifundo cha mkono. Wala usijaze maganda ya korosho. Maganda mabichi yana mafuta yanayounguza ngozi, na gunia likipasuka au kuvuja utayakuta mikononi.

Mpira wa ndani wa baiskeli ukifungwa kwenye mwembe na kuzungushwa kiunoni unakufundisha kusukuma kwa mguu wa nyuma. Mstari uliochorwa chini kwa majivu unakuonyesha kama unakwenda mbele sawasawa au unayumba.

Na simu yako ina kazi kubwa kuliko kuangalia video. Kuangalia video kunakula bando. Kujirekodi hakuli kitu. Isimamishe kwenye tofali, jirekodi ukifanya mfululizo mara tano, kisha jitazame. Je, mkono unashuka kabla ya kupiga? Je, unaegemea mbele kama unayetafuta kitu chini? Mwalimu akija mara moja kwa wiki, mwonyeshe.

Angalia pia mahali. Kivuli cha mikorosho kinavutia, lakini majira ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, vumbi lake linawasha macho na kubana kifua. Katika majira hayo tafuteni mwembe au uwanja wa shule. Ondoeni visiki, mawe na miiba kabla ya kuvua viatu. Na kwa kuwa maji juu ya uwanda wa Makonde hayapatikani kirahisi kila mahali, kila mtu aje na chupa yake. Wakati mzuri ni asubuhi mapema au jioni jua likipungua.

Kudhibiti pigo

Tarehe 7 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4 kwa 1 katika fainali ya wanaume ya uzito wa juu. Karate ilikuwa imeingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Alipiga teke la juu, likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran eneo la shingo na kichwa, naye akaanguka na kupoteza fahamu. Waamuzi walimwondoa Hamedi kwa kuumiza. Dhahabu ikaenda kwa yule aliyelala chini, na aliyepiga akapata fedha.

Wengine waliona uamuzi huo ni mkali. Lakini kanuni iko wazi: kumite ya michezo inapima kama unaweza kulifikisha pigo na kulizuia. Pigo la kichwani ni la kugusa ngozi tu. Kwa watoto na vijana chini ya miaka 18, kanuni ni kali zaidi, na ngumi ya usoni inatakiwa isimame kabla ya kugusa.

Tokyo palikuwa na daktari kando ya ulingo. Kwenye uwanja wa kijiji hayupo, na safari ya pikipiki hadi kituo cha afya inaweza kuwa ndefu. Kwa hiyo tunashauri vikundi vyote vikubaliane mambo haya kabla ya kuanza:

- Hakuna teke la kichwani katika mazoezi bila mwalimu.
- Kinga ya meno na glavu zivaliwe katika kumite huru. Kama hazipo, mapigo yote ya usoni yasimame umbali wa kiganja.
- Neno yame, yaani simama, likisemwa na yeyote, wote wanasimama.
- Mwenye hasira anakaa pembeni, hata kama ndiye mkubwa.

Mtu akipigwa kichwani, kisha akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, akatapika, akachanganyikiwa, akaona vitu viwili viwili, au akalalamika kichwa kinazidi kuuma, mazoezi yake yamekwisha. Apelekwe kituo cha afya, na asiachwe peke yake. Hata akijisikia vizuri baada ya nusu saa, asirudi uwanjani siku hiyo. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni hatari kuliko la kwanza.

Ratiba ya wiki

Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, wengi hawana nafasi ya kila siku. Siku tatu zinatosha.

Siku ya kwanza: umbali na miguu dakika 15, mfululizo wa kwanza peke yako, kisha kandambili.

Siku ya pili: mfululizo wa pili polepole, gunia dakika 10, kisha mazoezi na mwenzako mliyekubaliana.

Siku ya tatu: rudieni yote mawili kwa kifupi, kisha kumite huru raundi nne. Malizeni kwa kuzungumza: kila mmoja amwambie mwenzake pigo gani alilipata na kwa nini.

Kaa na mfululizo mmoja wiki nne kabla ya kuongeza mwingine. Mwenye mifululizo miwili anayoiamini huwashinda wengi wenye kumi wanazozikumbuka nusu.

Mwalimu je?

Makala haichukui nafasi ya sensei. Kama hujui dojo lililo karibu, muulize afisa michezo wa halmashauri yako au mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari. Ukimpata mwalimu, muulize alifundishwa na nani, mtindo gani, na uende kutazama darasa lake kabla ya kujiunga. Tazama wanafunzi wake wadogo na wa kike wanatendewaje, na anafanya nini mtu anapoumia. Hayo yatakuambia mengi kuliko rangi ya mkanda wake.

Mkiwa bado hamna mwalimu, bakini kwenye ngazi tatu za kwanza na mfululizo wa kwanza na wa pili. Inatosha kwa miezi mingi. Na kila mnapoinamiana mwanzo na mwisho wa zoezi, kumbukeni maana yake: mtu huyu amekupa mwili wake ujifunzie, na kesho unamhitaji tena akiwa mzima.